Ekimosisi: Damu Iliyovilia Chini ya Ngozi

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza maana ya neno "ekimosisi" linaloonekana kwenye barua za rufaa za wagonjwa. Tumeona ni vema tulieleze hapa, kwa faida ya kamati na ya wahisani wetu pia.

Neno hili lina asili ya Kigiriki. "Ek" maana yake ni nje, na "khumos" ni majimaji au utomvu. Kwa hiyo ni kumwagika kwa damu nje ya mishipa yake. Waganga wa Kigiriki wa kale walilitumia, na katika karne ya 16 likaingia katika Kiingereza. Kiswahili nacho kina neno lake: tunasema damu imevilia.

Mishipa midogo ikipasuka, damu husambaa chini ya ngozi. Wataalamu hutofautisha alama hizo kwa ukubwa. Vidoa visivyofikia milimita 3 huitwa petekia, vya milimita 3 hadi 10 huitwa purpura, na baka linalozidi sentimita 1 ndilo ekimosisi. Alama hizi hazipotei zikibonyezwa kwa kidole. Kadiri mwili unavyovunja damu ile, rangi hugeuka kutoka nyekundu au zambarau kuwa kijani, kisha manjano. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huwa magumu kuonekana.

Mara nyingi chanzo ni kuanguka au kugongwa. Lakini baka linaweza pia kutokana na upungufu wa chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, hemofilia, saratani ya damu, ukosefu wa vitamini C au K, sumu ya baadhi ya nyoka, au dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin.

Hapa ndipo kamati zinapotakiwa kuwa makini. Sisi wenyewe tuliwahi kukaribia kukosea: mama mlezi mmoja alishukiwa kumpiga mtoto, kumbe kipimo cha damu kilionyesha chembe sahani chache mno. Mtoto alihitaji matibabu, na mama alihitaji kuombwa radhi. Hata hivyo, kunyamaza nako ni hatari. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni nadra kupata baka kwa ajali. Mabaka masikioni, shingoni au tumboni nayo yanahitaji maelezo. Wala rangi ya baka haitoshi kuthibitisha siku lilipotokea.

Tunashauri hivi: mkiona mabaka yasiyo na sababu inayoeleweka, mpelekeni mtoto kituo cha afya bila kuchelewa. Kama kuna pia homa, au damu inatoka puani au kwenye fizi, nendeni siku hiyo hiyo. Andikeni mlichokiona, si mnachokidhania. Mkiwa na shaka ya ukatili, mjulisheni afisa ustawi wa jamii. Kipimo kitangulie hukumu.