Mzee wa Harmonika na Waimbaji Wake

Wajukuu zangu wa Shinyanga na Geita, kolabo mnazijua. Msanii anatoa albamu, anamshirikisha mwenzake mwenye jina kubwa, na wimbo unapigwa kuanzia stendi ya mabasi hadi kwenye maduara ya wachimbaji. Mwenye albamu anaimba, mgeni anaongeza ubeti wake. Leo nawasimulia albamu iliyokwenda kinyume. Humo kwa sehemu kubwa wanaimba wengine, mwenye nyumba yuko pembeni anapuliza harmonika, kile kinanda cha mdomo kinachoenea kiganjani, na bado hakuna anayeuliza albamu ni ya nani.

Mwenye nyumba huyo aliitwa James Cotton, Mmarekani mweusi. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1935 huko Tunica, jimbo la Mississippi, kwenye shamba la pamba lililoitwa Bonnie Blue. Mtoto wa Kishapu hahitaji kufundishwa kazi ya pamba: kupalilia juani, kuchuma kwa mkono huku maganda makavu yakichubua vidole, halafu kungoja mizani. Tofauti ilikuwa kwenye ardhi. Kule watu weusi, wajukuu wa watumwa, walilima ardhi ya tajiri mzungu na kugawana naye mavuno. Akishakata deni la mbegu na la unga waliokopa, wengi walitoka mikono mitupu. Blues ni muziki wa watu hao. Nanyi mnawajua watu wanaoimba wakiwa na jembe mkononi: bugobogobo ya Wasukuma ilianzia shambani kabla haijawa ngoma ya uwanjani.

Mama yake James alikuwa na harmonika. Alipenda kuigiza milio miwili, kuku anayetetea na garimoshi linalopita, na mwanawe akaamini kwamba chombo kile hakina kingine cha kusema. Kisha akamsikia Sonny Boy Williamson redioni, katika kipindi cha kutangaza unga kilichorushwa kutoka mji wa Helena, ng'ambo ya mto Mississippi. Kumbe harmonika inaweza kulia, kubembeleza, kugombana na mtu! James alibaki yatima angali mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, mjomba wake alimpeleka kwa huyo Sonny Boy, na kijana akalelewa na kufundwa na mtu aliyekuwa akimsikiliza redioni.

Sasa kiangalieni chombo chenyewe. Harmonika ya blues ina matundu 10. Ndani ya kila tundu mna vibamba viwili vyembamba vya shaba: kimoja hutetemeka ukipuliza, kingine ukivuta pumzi. Wapigaji wa blues hupenda zaidi kuvuta. Ukivuta huku umebadili mkao wa ulimi na koo, sauti hushuka taratibu, hulegea, hukaribia sauti ya mtu anayelalamika. Viganja vikifunguka na kufumba mbele ya chombo, mlio unatanuka na kusinyaa. Kwa hiyo mpigaji anahitaji pumzi, ulimi na koo, mali zilezile za mwimbaji. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Mwaka 1954 Cotton alirekodi mjini Memphis wimbo kuhusu adha za zao la pamba, "Cotton Crop Blues". Muda mfupi baadaye akachukuliwa na Muddy Waters, mkubwa wa blues wa Chicago, akakaa naye miaka 12. Mwaka 1966 akaanzisha bendi yake. Jukwaani alikuwa kivumbi. Alipiga hata sarakasi.

Halafu, katikati ya miaka ya 1990, akaugua saratani ya koo. Alipona, lakini sauti ya kuimba ikawa imekwenda, ikabaki ya kukwaruza. Wengine wangeaga. Yeye akawaachia wengine maikrofoni na kuendelea kuimba kwa harmonika, kwa pumzi na ulimi vilevile vya mwimbaji, na albamu yake ya 1996, "Deep in the Blues", ikapata tuzo ya Grammy.

Albamu ninayowasimulia ni "Cotton Mouth Man" ya mwaka 2013, iliyotolewa na kampuni ya Alligator ya Chicago. Mzee alikuwa anakaribia miaka 78. Mtayarishaji, Tom Hambridge, alitunga naye nyimbo kutokana na maisha ya mzee mwenyewe. Wakaitwa waimbaji: Gregg Allman, Keb' Mo', Warren Haynes, Delbert McClinton, Ruthie Foster. Nyimbo nyingi aliziimba Darrell Nulisch, mwimbaji wa bendi yake. Kwa sikio langu Ruthie Foster amewazidi wote hao, maana anampa mzee nafasi: anasema neno, ananyamaza, harmonika inajibu. Katika ngoma zetu manju ndiye huongoza na kundi likaitikia. Humu manju amenyimwa sauti, ndiye anayeitikia, na bado anaongoza.

Wimbo wa mwisho unaitwa "Bonnie Blue", jina la shamba lile la pamba. Humo waimbaji wageni wameondoka, limebaki gitaa la mpigaji Colin Linden. Mzee anaimba mwenyewe kwa sauti yake ya kukwaruza. Si sauti nzuri. Lakini kisa ni chake, na nisingependa kukisikia kwa kinywa cha mwingine.

Albamu hiyo iliteuliwa kuwania Grammy ya blues ya mwaka 2014, ikashindwa na "Get Up!" ya Ben Harper akiwa na mzee mwingine wa harmonika, Charlie Musselwhite. Cotton alifariki Austin, Texas, tarehe 16 Machi 2017, akiwa na miaka 81. Mkiipata albamu mtandaoni, anzeni na "Bonnie Blue", kisha rudini wimbo wa kwanza. Na msiisikilizie kwenye spika ya simu. Tafuteni redio kubwa, vinginevyo harmonika yote itawapita.