Mche Mpya Katika Shimo la Mti wa Zamani

Kila mwanachama mwenye shamba la urithi analo pengo. Mkarafuu uliopandwa na babu umekauka, umekatwa kuni, na pale pale ulipokuwa, ili mstari usipotee, tunachimba shimo na kutia mche mpya. Pengine mche huo hushika vizuri. Pengine husimama mwaka wa kwanza na wa pili bila kuongeza kimo, majani yakapiga manjano, mwisho ukafa. Twalaumu jua, twalaumu mchwa, twalaumu mbuzi wa jirani, na mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini liko jambo jingine ambalo wataalamu wamelichunguza kwa makini, nalo lamhusu kila mtu azibaye mapengo: udongo wa shimo lile ulikuwa na wenyeji wake kabla mche haujafika.

Wenyeji hao ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, kama vile bakteria na kuvu, nao katika kijiko kimoja cha udongo huwa ni mamilioni. Baadhi yao ni marafiki wa mti. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, alieleza jinsi nyuzi za kuvu zinavyoungana na mizizi ya miti, akauita muungano huo mikoriza. Kuvu hupeleka nyuzi zake mbali kuliko mizizi yenyewe, huuletea mti chakula cha udongoni, hasa fosforasi, na mti hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Mkarafuu nao unao washirika wa namna hii.

Wengine ni maadui, na sisi wa visiwa hivi hatuhitaji kufundishwa habari zao. Wazee wetu waliona mikarafuu mizima, yenye majani ya kupendeza, ikigeuka rangi na kufa kwa ghafula. F. J. Nutman na F. M. Roberts walioutafiti ugonjwa huo hapa Zanzibar walitoa maandishi yao mwaka 1954, wakauhusisha na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Basi neno kwamba kiumbe kisichoonekana chaweza kuuangusha mti mkubwa si geni kwetu. Geni ni hili: maadui wa mti huzidi kukusanyika chini ya mti wenyewe kadiri unavyokaa, na wa kwanza kuwakuta ni mtoto wake.

Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka 1971 Joseph Connell, kila mmoja kwa njia yake, walitoa wazo kwamba mbegu na miche iliyo karibu na mti mama hupata taabu zaidi kwa sababu maadui wa aina ile wamejaa pale. Kwa hiyo mahali penye mti wa aina moja hupata nafasi mti wa aina nyingine, na msitu huwa wa mchanganyiko. Lilikuwa wazo zuri, lakini wazo si ushahidi. Mtu aweza kusema kuwa miche hufa chini ya mama yake kwa sababu ya kivuli tu.

Ushahidi mwingi ulitoka katika kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama. Kisiwa hicho kilitokea pale mto Chagres ulipozuiwa ili kupatikana ziwa la mfereji wa Panama, na kilima kilichokuwa nchi kavu kikazungukwa na maji. Ni kidogo sana kuliko Pemba, yapata hekta 1,500, wala si cha mashamba: ni msitu uliohifadhiwa tangu mwaka 1923 kwa ajili ya elimu. Huko, mwaka 1983, bibi mtaalamu Carol Augspurger alionyesha kuwa miche ya mti mmoja wa msituni iliyoota karibu na mama yake iliuawa kwa wingi na kuvu, na ile iliyochukuliwa mbali na upepo ilinusurika zaidi.

Baadaye alifika Scott Mangan. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mtu akiisha kupata shahada ya udaktari wa elimu, aghalabu hukaa miaka michache akifanya utafiti pamoja na mabingwa kabla ya kupewa kazi ya kudumu, mfano wa fundi aliyehitimu lakini angali katika karakana ya mwalimu wake. Mangan alikuwa katika kipindi hicho. Yeye na wenzake walichagua aina 6 za miti. Walijaza vyungu vya miche udongo wa namna moja uliokwisha kuuliwa vijidudu, kisha katika kila chungu wakachanganya kiasi kidogo tu cha udongo hai uliotoka chini ya mti fulani. Kwa hila hiyo rutuba ikawa sawasawa na kivuli kikawa sawasawa. Tofauti iliyobaki ni wale wenyeji wadogo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kwa jumla miche iliyopewa udongo wa jamaa zake ilikua vibaya kuliko iliyopewa udongo wa miti mingine. Walipopanda miche msituni chini ya miti iliyo hai, waliona mwelekeo ule ule. Tena aina zilizo adimu msituni ndizo zilizoumizwa zaidi na udongo wa jamaa zao. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanachama aweza kuuliza: msitu wa Panama na shamba langu vina uhusiano gani? Jibu liko kwa wakulima wa tufaha wa Ulaya na Marekani. Wao wamejua kwa muda mrefu kuwa mtufaha mchanga ukipandwa pale ulipong'olewa mtufaha mzee mara nyingi hudumaa, na kwamba udongo ule ukipashwa moto kwanza, mche hukua vizuri zaidi. Wengi huepa mstari wa zamani, wakapanda katikati ya mistari, palipokuwa na majani matupu.

Hakuna mkarafuu katika zile aina 6, na mkarafuu si mtufaha. Lakini jaribio hili halihitaji chuo kikuu. Chukua udongo wa kitalu, uutie maji kidogo, uupashe moto katika pipa lililofunikwa mpaka mvuke upite wote, kisha uache upoe. Jaza mifuko 20 ya miche. Katika mifuko 10 changanya sehemu moja kwa kumi ya udongo kutoka chini ya mkarafuu mzee. Katika 10 nyingine, kiasi kile kile kutoka chini ya mwembe au mfenesi. Panda miche ya kimo kimoja, uitie alama, uipe maji na kivuli sawa, na upime kimo kila mwezi. Usipunguze idadi, kwani mche mmoja hautoshi kuwa shahidi.

Wala mtu asidhani kuwa dawa ni kuunguza ardhi ya shamba. Moto hauchagui: huua adui pamoja na rafiki aletaye fosforasi. Lililo rahisi ni kusogeza. Mche wa kuziba pengo na uende hatua kadhaa kutoka kisiki cha zamani, na udongo wa kitalu usichotwe chini ya mkarafuu mgonjwa. Mstari utapinda kidogo, na jirani atacheka. Mwache acheke. Mche utiao leo hautakupa karafuu za kuuza kabla ya miaka kadhaa kupita, na mti ukishika waweza kuwafaa wajukuu. Si haki kuupoteza muda huo wote kwa ajili ya kunyosha mstari.