Ukienda ‘kuhesabiwa’ Moshi, mhesabu na bibi

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na mzaha ni uleule: Wachaga wanakwenda ‘kuhesabiwa’. Ndugu hukutana kihambani, mtori hupikwa, mbege huzunguka, na watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa makaburi ya babu zao katikati ya migomba.

Lakini muulize mmoja wa wazazi hao mama yake babu aliitwa nani, alitoka ukoo gani na alikufa kwa ugonjwa gani. Mara nyingi utaambulia kimya.

Kimya hicho kina gharama, na anayeilipa anaweza kuwa mtoto.

Kumbukumbu ya miaka 123

Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Katika miaka ya utawala wao, mafuvu ya Waafrika wengi yalisafirishwa kwenda Ujerumani kwa kisingizio cha sayansi.

Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu kati ya hao. Fuvu moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yalilingana, kwa upande wa baba, na familia ya Molelia. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwamo, ingawa mjukuu wake alilitafuta kwa miongo mingi.

Maabara peke yake isingefika mbali. Alihitajika mtu aliye hai wa kusema, “Huyu ni babu yetu, sisi ndio uzao wake.” Miaka 123 baadaye, familia hizo bado zilikuwa na mtu wa kusema hivyo.

Mlima umewatunza akina baba

Familia ya wakulima Kilimanjaro huacha alama nyingi. Ya kwanza ni kihamba chenyewe, kinachorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwa desturi, mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, na kaka yake mkubwa hupewa kipande kingine. Ukijua nani anapakana na nani, na masale ya mpakani yalipandwa na nani, utajua ndugu waligawanyika wapi.

Jina la ukoo nalo huelekeza. Ukisikia Swai, wengi huanza kuulizia Machame, Mtui, Marangu, Tarimo, Rombo.

Tatizo ni kwamba alama hizi zinafuata mstari mmoja tu: baba, babu, baba wa babu. Kwa kuwa mtu haoi ndani ya ukoo wake, mke alitoka ukoo mwingine akaja kuishi kwenye kihamba cha mume. Ikifika kizazi cha tatu, amebaki kuitwa ‘mama yake fulani’.

Damu haijui desturi hiyo. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama.

Swali la daktari

Ndiyo maana daktari, awe KCMC au kituo cha afya cha kijijini, huuliza: kwenu kuna mwenye kisukari? Presha? Saratani? Anayejibu kwa kufuata ukoo wa baba pekee amejibu nusu ya swali.

Selimundu ni mfano ulio wazi. Mtu anaweza kubeba kinasaba cha ugonjwa huo maisha yake yote bila kuugua. Wawili wanaokibeba wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kumpata mtoto mwenye selimundu. Bibi anayesimulia watoto wake wawili ‘walioumwa viungo na kuishiwa damu’ huenda anaeleza jambo ambalo wajukuu wanapaswa kulipima kabla ya ndoa.

Saratani ya matiti, ile ya kurithi, inaweza kupita kwa baba asiyeumwa hadi kwa binti. Kwa hiyo shangazi ana uzito sawa na mama mdogo. Kisukari cha ukubwani na presha navyo hufuatana katika familia, ingawa chakula, uzito na mazoezi vina nafasi kubwa. Kujua si hukumu. Ni sababu ya kupima mapema.

Pa kuanzia

Anza na mkubwa kuliko wote aliye hai, hasa bibi. Ukimuuliza “alikufa na nini?”, jibu laweza kuwa “siku zake zilifika”. Muulize hivi: alikuwa na umri gani? Alivimba miguu? Alikonda? Alikuwa akinywa maji mengi? Alianguka ghafla? Mrekodi kwa simu, ila omba ruhusa kwanza.

Mweleze pia nia yako mapema. Mzee akimwona kijana wa mjini anaulizia mipaka na makaburi, anaweza kudhani amekuja kudai kihamba.

Kisha nenda kanisani. Wamisionari wa Kikatoliki walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Kitabu cha ubatizo huandika jina la mama pamoja na la baba, na hapo ndipo bibi aliyesahauliwa anaweza kupatikana. Babu aliyebatizwa ukubwani atakuwa na majina mawili, la kuzaliwa na la ubatizo. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki navyo vinaweza kuwa vya Kilatini, Petro akaandikwa Petrus. Nenda ofisi ya parokia au usharika ukiwa na mwaka wa kukadiria.

Fungua na sanduku la nyumbani. Tafuta cheti cha ndoa, cha kanisani, msikitini au serikalini, kadi ya kliniki na hata stakabadhi ya kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Karatasi yenye jina la babu na chama chake cha msingi inakuonyesha alilima wapi.

Angalia pia majina ya watoto. Familia nyingi humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na anayefuata la babu mzaa mama.

Karatasi moja inatosha

Chora vizazi vitatu, pande zote mbili. Kila mtu aandikiwe jina, alikozaliwa, ugonjwa, umri alipougua na umri alipofariki. Nenda nayo kliniki. Magonjwa ya walio hai usiyatume kwenye kundi la familia bila ridhaa yao.

Kihamba, kaburi na kitabu cha ubatizo vitakungoja mwaka mwingine. Bibi aliyekaa jikoni huenda asikungoje. Desemba hii, kabla ya kupiga picha ya pamoja, vuta kigoda ukae naye.