Chumvi ikilowana, angalia gunia la mahindi

Kama unakaa Gongoni, au mtaa wowote wa Tabora mjini, fungua kopo la chumvi mwezi wa kwanza. Imelowana, si ndiyo? Tunasema "masika hayo", tunaikoroga kwa kijiko, basi. Kumbe chumvi imekupimia hewa bure: chumvi safi ya mezani huanza kuvuta maji pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi. (Chumvi ya mawe huwahi zaidi kwa sababu ina madini mengine ndani.) Ukungu wa ukutani nao hustawi kwenye kiwango hichohicho.

Asilimia ya nini? Ya mvuke ambao hewa inaweza kubeba, na uwezo huo unategemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 hubeba hadi gramu 30 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 20, mwisho ni gramu 17. Sasa fikiria chumba kilichofungwa jioni kikiwa na gramu 20 kwa kila mita. Usiku bati linapoa, hewa inayoligusa inapoa nalo, na zile gramu zilizozidi zinageuka matone. Asubuhi unaamka unasema bati linavuja, wakati usiku kucha mvua haikunyesha.

Na wewe mwenyewe umechangia. Watu wanne waliolala saa nane hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa pumzi na jasho. Ongeza nguo zilizoanikwa ndani. Dawa yake ni hewa: matundu juu ya ukuta yasizibwe, madirisha yafunguliwe jua likiwaka, yafungwe mvua ikinyesha.

Lakini ukuta unaolowa chini, karibu na sakafu, hiyo ni kesi nyingine. Kama fundi hakuweka nailoni kati ya msingi na ukuta, tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Jipimie: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa. Wengi hukimbilia rangi ya mafuta, na kwa maoni yangu hapo ni kutupa hela: doa linajificha, kisha rangi inabambuka kwa sababu maji bado yanapanda. Anza na gata na mtaro wa kupeleka maji ya paa mbali na msingi. Lipu na rangi subiri Agosti au Septemba, ukuta ukiwa umekauka.

Kitu kimoja usifanye kabisa: kuingiza jiko la mkaa ili "kukausha chumba" halafu mkalala. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Turudi kwenye chumvi, maana hapa ndipo penye hatari ambayo haionekani. Mahindi uliyovuna na kuyakausha vizuri Juni hayabaki makavu kwa kuwa tu yako ndani ya gunia. Punje hunywa na kutoa mvuke mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa ya asilimia 75 huyafikisha kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi, wakati kwa kuhifadhi tunataka yasizidi 13. Hapo kuvu wa sumukuvu wanapata nafasi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha ugali hakuiondoi.

Kwa hiyo gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, lisiwe kwenye chumba mnacholala. Kila baada ya wiki chache chukua chupa kavu, tia mahindi robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache itulie dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yamevuka asilimia 15: yatoe juani siku hiyohiyo ukipata jua, kabla hayajaanza kunuka uvundo.