Chuma cha roketi kikianguka kwa boma lako, nani analipa?

Kila mjadala wa bajeti ukianza, kuna swali halikosi: serikali inatafuta nini angani na huku Kitengela tunanunua maji kwa bowser? Hasira iko na haki yake. Lakini kuna kazi moja huko juu ambayo wewe na mimi hatuwezi kujifanyia.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, hapo tu kwa majirani. Upana kama mita 2.5, uzito karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Sasa weka hiyo pete katikati ya boma la ng'ombe huku Kajiado. Ama juu ya ploti ya kupangisha.

Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 na Kenya imo. Unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara ya ardhini, na mwathiriwa hahitaji kuthibitisha uzembe. Hata roketi ikiwa ya kampuni binafsi, nchi inawajibika. Shida ni kwamba dai la mkataba huu linapitia kwa serikali, kidiplomasia, na muda wa kulileta ni mwaka mmoja. Mzee wa boma hawezi kuandikia nchi ya watu barua alipwe. Na kwanza lazima ijulikane chuma ni cha nani, kitu ambacho bila wataalamu na marafiki wenye rada utakisia tu.

Sasa kuna upande ambao hausemwi sana. "Nchi iliyorusha" ni pamoja na ile iliyoagiza chombo kirushwe, na ile ambayo ardhi yake imetumika. Taifa-1 ilipopanda na roketi ya SpaceX kutoka California Aprili 2023, Kenya iliingia kwa hiyo hesabu pamoja na Marekani. Na Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha roketi kati ya 1967 na 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Tukirudia biashara hiyo leo, roketi ya mgeni ikiharibu mali ya nchi nyingine, anayedai anaweza kuja kwetu alipwe yote, halafu sisi tukimbizane na mwenzetu baadaye.

Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aahidi kituo kipya cha kurushia roketi, usiishie kumuuliza ni ajira ngapi. Muulize makubaliano na mwenye roketi yanasema hasara itabebwa na nani, na bima inalipwa na nani.