Mume Anapovua Magwanda

Mke wa askari hujifunza mapema kufungasha vyombo. Leo yuko Monduli, baada ya miaka michache Nachingwea, kisha Ngerengere, na kila afikapo huanza upya kutafuta shule ya watoto, mahali pa kununua mkaa na kanisa la kusali. Lakini uhamisho wa mwisho ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu hauna kituo cha kuripoti. Barua inasema baba amestaafu, kota inatakiwa, na yeye mwenyewe bado ana nguvu zake.

Maana askari wa vyeo vya chini hastaafu akiwa mzee. Sisi wauguzi, kama walimu, tunaweza kuendelea na utumishi hadi miaka 60. Koplo au sajini hutoka mapema zaidi, pengine mtoto wa mwisho akiwa bado kidato cha pili. Kiinua mgongo kikitoka, nyumba huezekwa, ada hulipwa, jamaa huja na shida zao, na kabla ya mwaka kwisha nyumba nzima inajiuliza: sasa baba afanye kazi gani?

Jibu la mtaani tunalijua: akawe mlinzi. Kazi hiyo hatuidharau, imelisha na kusomesha watoto wengi. Tunachouliza ni kwa nini mtu aliyetengeneza redio za mawasiliano, au aliyepikia kikosi kizima, au aliyetunza bohari kwa miaka mingi bila kupoteza hata blanketi, aonekane anafaa getini tu. Kwa maoni yetu sababu kubwa si umri wala elimu. Hafahamiki uraiani, naye hawafahamu watu wa uraiani.

Marafiki wengi, habari moja

Jeshini mtu haombi kazi. Anapangiwa. Hajawahi kuandika barua ya maombi tangu alipokuwa kruta, wala kukaa mbele ya meza akaulizwa, "Kwa nini tukuchukue wewe?" Marafiki anao, tena wa kufa na kuzikana: wa kombania moja, wa mesi moja, waliolala pamoja porini. Tatizo ni kwamba hao wote wanastaafu karibu wakati mmoja, na wote wanajua jambo lile lile, kwamba kampuni fulani ya ulinzi inachukua watu. Wakikutana jioni, habari inayozunguka ni hiyo hiyo moja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kujulikana sana. Alikuwa amewauliza watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, huyo mtu walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema "mara nyingi" walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Maana yake rafiki wa karibu anakupenda, lakini anajua unachokijua wewe. Mtu wa salamu tu ndiye anayetoka mahali usipofika. Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliohusu watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn, nao wakaona kuwa wanaofahamiana kwa kiasi ndio wanaosaidia zaidi kupata kazi kuliko wale wa karibu sana.

Sasa, mama, hesabu watu wa salamu ulio nao wewe. Mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi unayeimba naye kwaya. Mhasibu wa kanisa. Wale thelathini wa kikoba, kila mmoja na mume wake, kaka yake na bosi wake. Hata yule mama aliyekuwa akiuza maandazi nje ya geti la kambi anafahamu raia wengi kuliko mumewe mwenye nishani. Baba alipokuwa akilinda mipaka, wewe ulikuwa ukijenga kile anachokihitaji leo, na pengine hakuna aliyekuambia.

Mama mmoja tunayemfahamu, mumewe alikuwa fundi wa magari jeshini. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi saba, asubuhi redio, jioni kilabuni. Mkewe alikuwa na mwenzake wa kikoba ambaye walikuwa wakionana siku ya kuweka hisa tu, na kaka wa huyo mwenzake ana malori yanayokwenda mikoani. Mama huyu hakuomba kazi. Aliomba mume wake aruhusiwe kwenda kuiona gereji yao. Baba akaenda mara ya kwanza akatazama, mara ya pili akaombwa asikilize breki za gari moja, na mara ya tatu alikwenda amevaa ovaroli yake mwenyewe.

Kuomba habari, si kuomba kazi

Hapo ndipo penye siri. Ukimwomba mtu kazi, umemtia katika shida ya kukujibu hapana. Ukimwomba habari, unamheshimu. "Mzee, shikamoo. Mume wangu alikuwa bohari jeshini, sasa amestaafu. Tunaomba nusu saa ya mwanao aliye hospitalini, amweleze jinsi wanavyonunua na kutunza vifaa." Mzee gani wa kanisa atakataa hilo? Mwisho wa mazungumzo baba aulize swali moja tu: nani mwingine angefaa nionane naye? Akitoka na majina mawili, siku hiyo haikupotea.

Lakini akifika huko aongee lugha ya huko. Raia akisikia "nilikuwa stoo ya kikosi" anaona makopo na vumbi. Kaeni pamoja jioni moja na daftari, mwulize kama mtoto mdogo anavyouliza: ulitunza vitu vya aina ngapi? Nani alikuja kukagua, na mara ngapi kwa mwaka? Ulisimamia vijana wangapi? Vilivyoharibika uliviandika vipi? Majibu hayo ndiyo wasifu wake wa kazi. Utashangaa mambo utakayoyasikia kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya ndoa. (Yaliyo siri ya jeshi yabaki siri, na mwajiri mwema hatayauliza.)

Kisha kuna vyeti. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo: fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake na akifaulu anapewa cheti. Dereva aulize Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, ambako wanafundisha madereva wa mabasi na magari makubwa. Mtu wa bohari ajue kuwa kazi za ununuzi na ugavi zina bodi yake, PSPTB. Na aliyekuwa muuguzi jeshini ahakikishe leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, maana bila hiyo hata sisi wenzake hatuwezi kumpokea wodini. Wastaafu wenyewe wana chama chao, MUWAWATA. Ajiunge, ila asiishie humo, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Heshima yake

Wengine watatuambia: "Baba wa nyumba yangu hakubali. Anasema yeye hapigi hodi kwa raia." Tunaelewa. Mtu aliyeitwa "afande" kila siku, leo anaitwa "wewe mzee" na kondakta wa daladala. Msimcheke mbele ya watoto, wala msimlinganishe na jirani. Mpeleke kwa mtu mmoja anayemheshimu, na wewe usiingie ndani.

Na hapa tuseme kama wauguzi. Kama halali usiku, kama pombe imeongezeka, kama anakasirika kwa jambo dogo au anakaa kimya siku nzima, hayo si ya kuombea tu. Aende hospitali, apimwe shinikizo la damu, na aongee na daktari kuhusu usingizi wake. Hasa aliyewahi kuona vita. Tuna baba zetu waliotoka Kagera mwaka 1979 ambao waliyoyaona huko hawakumwambia mtu mpaka leo.

Majirani zetu wa Uganda walilijaribu jambo hili kwa upana. Kati ya mwishoni mwa 1992 na 1995 walipunguza jeshi kwa askari zaidi ya 36,000, wakaunda bodi maalumu ya kuwasaidia, nao wakarudishwa vijijini na fedha na vifaa vya kuanzia maisha. Waliofuatilia programu ile waliona kuwa fedha na mabati vilisaidia, lakini aliyepokelewa na ndugu na majirani ndiye aliyetulia upesi. Wengine walifika kwenye vijiji walivyoviacha wakiwa wavulana, wakiwa na wake wasiofahamika pale. Mwanamke wa namna hiyo akija kanisani kwetu, tumsogezee kiti.

Tusiwasahau dada zetu waliovaa magwanda wenyewe. Mama aliyestaafu jeshi mara nyingi huonekana amerudi nyumbani kulea wajukuu tu, hakuna anayemuuliza alikuwa na utaalamu gani. Mwulizeni.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Kornelio, akida wa Kaisaria. Alipoelekezwa amtafute Petro, aliambiwa Petro yuko Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, karibu na bahari. Akida wa Kirumi ilimbidi atume watu wapige hodi kwa mtengeneza ngozi. Alituma.

Jambo la mwisho ni la haraka, na linawahusu hasa ambao waume zao bado wako kazini. Wako watu wanaonusa kiinua mgongo kama nzi: anayedai fedha ili "akuunganishe" na kazi ni tapeli, hata akija na Biblia mkononi. Na kabla hamjatoka kota, baba akusanye karatasi zake zote wakati karani wa kikosi bado anamfahamu kwa jina: barua ya kustaafu, vyeti vya kila kozi hata ile ya wiki mbili, leseni, na jina la ofisa atakayekubali kuwa mdhamini wake. Toeni nakala mbili mbili. Moja ikae kwenye sanduku lako la vitenge.