Kadi ya Mkopo kwa Asiye na Hati ya Shamba

Kadi ya mkopo isiyo na dhamana ni ruhusa ambayo benki humpa mteja atumie fedha zake hadi ukomo uliowekwa, pasipo kuweka rehani shamba, nyumba wala gari, kwa sharti kwamba atarejesha alichotumia kila mwezi au atalipa riba juu ya kinachobaki. Na kwa kuwa hakuna mali ya kunadiwa mteja akishindwa kulipa, benki hutazama mapato yake pamoja na kumbukumbu ya jinsi alivyolipa madeni yaliyotangulia. Katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, kumbukumbu hiyo mara nyingi ipo, ila imeandikwa mahali ambapo benki haifiki.

Imeandikwa kwenye daftari la mwenye duka anayekopesha sukari na sabuni hadi mwisho wa mwezi, na katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo huhifadhi fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Mwanachama aliyekopa na kurejesha miaka mitano mfululizo anaaminika kwa wenzake kuliko mtumishi yeyote mwenye suti, lakini akiingia benki huonekana kama mtu asiyewahi kukopa. Shamba lake nalo halimsaidii sana, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon humilikiwa kwa desturi, bila hati.

Uganda ilianza kuziba pengo hilo Desemba 2008, kampuni ya CompuScan ilipofungua ofisi ya kwanza ya kumbukumbu za mikopo, inayojulikana kwa kifupi kama CRB, yaani ghala la taarifa ambamo kila benki huandika nani amekopa, kiasi gani, na amelipa vipi. Wakati huo nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa, na mdaiwa aliyebadilisha herufi mbili za jina lake aliweza kukopa upya katika benki ya jirani. Kwa hiyo kila mkopaji alipewa kadi maalumu iliyofungamanishwa na alama za vidole vyake. Vitambulisho vya taifa vilipoenea baada ya 2014, namba ya kitambulisho ikaanza kufanya kazi hiyo, na kanuni mpya za 2022 zikawafungulia mlango watoa mikopo wasiosimamiwa na Benki Kuu, vikiwemo vyama vya akiba na mikopo, washiriki katika mfumo huo. Hapo ndipo penye tumaini la mwanakikundi, iwapo chama chake kitajiunga.

Anayetaka kadi ya kwanza hana budi kuanza na deni dogo linaloandikwa. Mshahara au mauzo yapitie akaunti moja kwa miezi kadhaa, kisha uchukuliwe mkopo mdogo unaolipika, hata ule wa simu kama MoKash, ulioanzishwa 2016 kwa ushirikiano wa MTN na Commercial Bank of Africa, na urejeshwe kabla ya siku yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha Jinja anayelipwa kila mwezi hulimudu jambo hili kwa urahisi. Mkulima wa miwa anayengoja takriban miezi 18 miwa ikomae, au wa kahawa ya Elgon anayepata fedha kwa msimu, analazimika kutenga akiba ya marejesho mapema, maana kadi hudai kila mwezi, kuwe na mavuno au kusiwe. Kwa mkulima wa namna hiyo, mkopo wa msimu kutoka chama cha ushirika huenda ukafaa kuliko kadi.

Hata aliyekubaliwa anapaswa kujua hesabu ya kadi. Anayelipa deni lote kwa tarehe iliyotajwa kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi, lakini anayetoa fedha taslimu kwenye mashine ya benki huanza kutozwa siku ileile. Ikichukuliwa kwa mfano riba ya asilimia 3 kwa mwezi na deni la shilingi 1,000,000, mteja anayelipa kiwango cha chini cha shilingi 50,000 atakuwa amelipa riba ya shilingi 30,000, na deni lenyewe litakuwa limepungua kwa shilingi 20,000 tu.

Kadi nyingine huzungumzwa zaidi mashariki ya Uganda, nayo ni ile ya ATM ambayo baadhi ya walimu humwachia mkopeshaji binafsi pamoja na namba yake ya siri, ili ajichotee mshahara kila unapoingia. Malipo hayo, hata yakikamilika, kwa kawaida hayaingii CRB, na mwalimu hubaki bila sifa yoyote ya kukopa benki. Deni lililolipwa benki nalo huweza kubaki limeandikwa kama halijalipwa. Kwa sababu hiyo mkopaji anayo haki ya kuomba ripoti yake na kudai kosa lisahihishwe, na barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limekwisha ni karatasi ya kuomba siku ileile ya malipo ya mwisho.